Mimi Si "Na Wengineo"

Jumatatu, 2 Oktoba 1882

Kitabu kimefika kwa posta ya asubuhi! Nimekifungua kwa kisu cha siagi. Sikusoma neno hata moja la kamusi. Nimekwenda moja kwa moja kwenye dibaji, penye shukrani. Dakta Thurlbeck, mhariri wa Kamusi Kuu ya Kiingereza, anawashukuru watu wa kujitolea wanaosoma vitabu vya kale nchi nzima na kumpelekea maneno kwenye vikaratasi. Wa kwanza kabisa: Bi. Lavinia Outhwaite wa Skelding, "kwa vikaratasi elfu kumi na moja, vyote kwa mwandiko safi." Halafu majina mengine kumi na tisa. Halafu: "na wengineo."

Na wengineo! Mimi, Edwin Garbutt! Karani mstaafu wa stesheni ya Skelding, miaka thelathini na mmoja bila doa (lile kreti la bata halikuwa kosa langu), leo hii ni wengineo! Nimempelekea vikaratasi mia nne na sita. Macho yamenitoka machozi juu ya kamusi yake. Hivi hii ndiyo asante ya punda?

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sina mke. Sina mtoto. Nikifa, jina langu litakuwa kwenye jiwe moja ambalo mvua ya huku italifuta kwa miaka kumi. Kamusi Kuu haifutiki. Nataka jina langu mle. Mara moja tu, herufi zote.

Bi. Outhwaite anakaa nyumba ya pili. Alikuwa mwalimu, na bado anakutazama kana kwamba umesahau daftari nyumbani. Leo kaniuliza juu ya ua wa bustani, "Jirani, kitabu kimekufikia?" Nikasema bado. Kitabu kilikuwa kwapani mwangu.

Jumanne, 3 Oktoba

Barua ya Dakta. Kitabu kinachofuata cha kamusi kitakuwa cha neno moja tu, neno lenyewe herufi tatu: set. Nimecheka kwa sauti. Herufi tatu! Mtu mwenye akili zake analimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kisha nikaendelea kusoma, kicheko kikakatika. Jua likizama, sisi Waingereza hulitumia neno hilo. Mfupa ukiungwa, hilo hilo. Kuandaa meza, kutega mtego, kurekebisha saa, kupanda viazi, kuku kuatamia, jeli kuganda, hilo hilo! Vikombe sita vya namna moja, hilo. Shimo la nyegere, hilo. Kikundi cha watu wanaojiona bora kuliko wenzao, hilo pia, na hapo nilimfikiria mtu fulani. Dakta amehesabu maana mia na ishirini na anasema hajafika nusu. Neno gani hili lisilo na haya? Ni kama shangazi asiyeolewa, kila nyumba anaitwa akafanye kazi.

Kazi ya kuzipanga maana hizo ameigawa kwa wasomaji wa Skelding, "ambao kwa bahati njema ni majirani." Vitenzi amepewa Bi. Outhwaite. Mimi nimepewa nomino. Yaani yeye nyama, mimi mfupa!

Lakini mwisho wa barua kuna jambo. Yeyote atakayeleta ushahidi ulioandikwa, wa kale kuliko uliopo, wa maana yoyote ya neno hilo, atatajwa katika dibaji. Kwa jina! Nimeisoma sentensi hiyo mara nane nikiwa nimesimama. Bi. Pybus, mpishi wangu, akaniuliza ni nani kafa.

Jumatano, 4 Oktoba

Sanduku la vikaratasi limefika. Nomino peke yake, vikaratasi elfu mbili mia tatu! Kila kimoja kina neno lile juu pembeni, mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi. Nimetoa mashuka yote kwenye kabati ili nipate vishubaka. Bi. Pybus akataka kujua mashuka yakae wapi. Nikamwambia chini ya kitanda. Akasema marehemu mama yake alimwonya asifanye kazi kwa mwanamume anayesoma.

Alhamisi, 5 Oktoba

Vishubaka havikutosha. Nikahamia sakafuni sebuleni. Kutwa nzima nikitambaa kwa magoti. Kufikia saa kumi nilikuwa na mafungu thelathini na nane: la vikombe, la nyegere, la jua, la mabega ya koti, la meno ya bandia. Kila fungu mahali pake, kila maana na wenzake. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya maishani. Nikatoka kunyoosha mgongo bustanini, dakika kumi tu.

Niliporudi sakafu ilikuwa inang'aa. Vikaratasi vyote vilikuwa kwenye kapu la nguo chafu. Nikapiga ukelele. Bi. Pybus akaja anafuta mikono, akasema, "Nimekupangia, bwana. Nilitazama juu, nikaona vyote vina neno moja. Sasa vya nini kuvitawanya?"

Ubaya ni kwamba hadi sasa sijapata la kumjibu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimegundua hila! Bi. Outhwaite yumo jikoni kwangu! Ameketi kwenye kigoda, ana kikombe cha chai YANGU, kipande cha keki YANGU, na daftari magotini. Bi. Pybus anapika huku anapayuka kama kawaida yake, na yule mama anaandika. Ati kila Bi. Pybus anaposema neno lile, kwa maziwa, kwa unga, kwa moto, kwa kuku, yeye anaandika.

Nikamwuliza kwa baridi kama maktaba zimekwisha nchi hii. Akasema vitabu vya kale amesoma, lakini waheshimiwa walioviandika hawakuwahi kugandisha jeli, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kulitaja hilo. "Jirani," akasema, "neno kama hili limelelewa jikoni." Nikamjibu kwamba neno lolote lenye heshima hulelewa maktabani. Bi. Pybus akacheka hadi akapaliwa na unga.

Bi. Outhwaite akasema shida yake moja tu: maneno ya mdomoni Dakta hayakubali, lazima yawe yameandikwa. Akahema. Vizuri! Aheme tu. Mwenye kuketi jikoni atatoka na masizi.

Bi. Pybus analitamka neno hilo mara ngapi kwa siku, sijui. Mimi sijawahi kumsikiliza. Nina kazi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku mbili katika maktaba ya kasisi. Vumbi, baridi, kitabu cha hotuba za mazishi kurasa mia saba. Kila kitabu nilichokifungua kilikuwa na uzi mwekundu wa kuwekea alama ndani yake. Uzi mwekundu wa Bi. Outhwaite! Kapita kote. Hakuacha hata punje.

Nimerudi nyumbani miguu imelowa, nikakaa mbele ya moto, nikawaza. Ushahidi wa kale haupatikani. Basi! Kama haupatikani, haikatazwi kuusaidia upatikane. Ukoo wa Garbutt ni wa kale sana. Bila shaka yupo Garbutt mmoja aliyeandika kitu zamani, na bila shaka kimepotea. Mimi nitamrudishia tu alichokuwa ameandika. Huo si uongo. Huo ni wema kwa marehemu.

Kinachohitajika ni karatasi ya kale. Na najua ilipo.

Jumanne, 10 Oktoba

Bi. Pybus ana kitabu cha mapishi cha jikoni, kikuukuu, kimefungwa kwa kamba, kimerithiwa mama hadi binti tangu enzi na dahari. Kinanuka mafuta ya kondoo. Amekwenda sokoni. Nikakifungua. Karibu kila ukurasa umeandikwa, lakini katikati nikapata mmoja mtupu pande zote mbili, tena mnene, karatasi imara ya wazee wetu. Nikauchana. Ukurasa mmoja tu! Nani atahesabu kurasa za kitabu cha mapishi?

Nikaandika kwa mwandiko wa kale, wenye mikia: "Mimi Jocelyn Garbutt, muungwana wa Skelding, katika mwaka wa Bwana 1590, nimemnunulia mke wangu seti ya vikombe sita vya chai, vizuri mno." Neno liko pale, nomino, maana ya vikombe, miaka mingi kabla ya ushahidi wowote alio nao Dakta! Nikaongeza "vizuri mno" ili ionekane ya kweli.

Ilionekana mpya. Nikaimwagia chai ya moto pande zote, nikaikausha kwenye mlango wa jiko. Ikawa ya kahawia, ikajikunja pembeni. Jamani, nilitokwa na machozi kidogo. Nimeanza kumpenda Jocelyn. Mume mzuri yule.

Jumatano, 11 Oktoba

Imetumwa. Nimeandika barua fupi, yenye unyenyekevu: nimeikuta kwenye sanduku la ukoo, sitaki sifa, jina langu ni Garbutt, herufi mbili za t mwishoni.

Bi. Outhwaite alikuwa posta pia, na bahasha nyembamba. Nikamwambia kwamba mambo ya heri huwa mazito kuliko bahasha. Akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kimya. Nimenunua kola mpya. Nimemdokezea kinyozi kwamba huenda jina la Skelding likatajwa mahali fulani hivi karibuni kwa sababu ya mtu fulani. Akasema ndiyo, amesikia, Bi. Outhwaite. Nikaondoka upande mmoja wa shavu haujanyolewa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Tarishi amepita mlangoni kwangu bila kusimama. Bahasha ya Dakta, naujua muhuri wake, ameipeleka nyumba ya pili! Nikamkimbilia kwenye njia, nikamwambia amekosea nyumba. Akaniambia yeye anajua kusoma, asante. Miaka thelathini na mmoja nimezitumikia barua za ufalme huu kwenye mabehewa, na hivi ndivyo ninavyojibiwa na mtu mwenye mfuko!

Bi. Outhwaite ameisoma barua dirishani. Nilikuwa napogoa ua, kwa hiyo niliona kila kitu. Kwanza akaziba mdomo. Halafu akakaa. Halafu akanitazama. Nikaendelea kupogoa. Ua sasa umebaki mfupi mno.

Jumanne, 17 Oktoba

Naandika kwa hasira, wino unaruka.

Amekuja saa kumi, saa ya chai, akaomba Bi. Pybus naye aitwe. Akaweka mezani karatasi ya Jocelyn. Akasema Dakta amemwandikia yeye, si mimi, kwanza kumwuliza kwa upole kama jirani yake ni mzima. Akaisoma barua. Dakta anasema wino ni wa wiki hii. Anasema alama ni za kalamu ya chuma, na mwaka 1590 watu waliandika kwa unyoya wa bata. Na anasema mwaka 1590 hakuna Mwingereza aliyekuwa amekunywa chai, wala kuiona. "Chai pekee ya mwaka huo," ameandika, "ni ile iliyomwagwa juu ya karatasi hii."

Nikasema huenda Jocelyn alikuwa mtu wa kusafiri.

Bi. Outhwaite hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema Dakta aliposhika karatasi aliona ni nene mno. Akaichungulia pembeni. Kumbe haikuwa karatasi moja, zilikuwa mbili, zimegandana kwa sukari miaka na miaka, na ile chai yangu ndiyo iliyoilainisha. Akazifungua kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na maandishi. Mapishi ya jeli ya miguu ya ndama. Chemsha, chuja, mimina, kisha iweke mahali pa baridi mpaka igande, na pale pa kuganda limeandikwa neno lile lile, set, wazi kabisa, na chini yake: Agnes Raw, jikoni, Februari 1688. Ushahidi wa kale kuliko wote alionao Dakta wa maana hiyo. Miaka karibu hamsini! Na ni kitenzi. Kitenzi! Fungu LAKE!

Bi. Pybus alikwenda jikoni, akarudi na kitabu chake, akakifungua katikati, akaiweka karatasi penye mchano. Ikaingia sawasawa, jino kwa jino.

Nilitegemea atapayuka. Nimezoea kupayuka kwake. Hakupayuka. Akasema polepole kwamba Agnes Raw ni bibi wa bibi wa bibi yake. Akasema nyumba yao ilipoungua, mama yake alikitoa kitabu hiki kwanza, kabla ya viatu vyake mwenyewe. Akasema ukurasa ule wa jeli wote kwao waliutafuta na wakadhani ulipotea, kumbe ulikuwa humo humo umejificha. Kisha akanitazama.

"Ungeniomba, bwana," akasema. "Ningekupa. Ungeniomba tu."

Nikasema nilikuwa na haraka.

Nilihisi kitu kifuani, kizito, kinakwama. Nadhani ni kabichi ya mchana.

Jumatano, 18 Oktoba

Kifungua kinywa: uji. Chakula cha mchana: uji. Nikauliza kama kuna chumvi. Bi. Pybus akasema chumvi iko kwa Jocelyn.

Ijumaa, 20 Oktoba

Uji. Hivi muungwana afanyiwe hivi ndani ya nyumba yake! Tena tuweke haki mbele. Nani aliyeuchana ukurasa ule? Mimi. Nani aliyeumwagia chai, ukafunguka? Mimi. Bila mimi Agnes Raw angelala gizani milele kati ya karatasi mbili. Nimemweleza hayo Bi. Outhwaite juu ya kile kilichobaki cha ua. Akasema, "Jirani, mwizi naye huonyesha pale ukuta ulipo dhaifu." Mwalimu ni mwalimu tu.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimemwomba Bi. Pybus radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, yenye mifano. Nikafika mlangoni pa jikoni nikasema, "Samahani kwa kitabu." Akaendelea kumenya viazi. Baadaye kidogo akasema siku za mwizi ni arobaini lakini za mjinga hazihesabiki. Chakula cha jioni kilikuwa na nyama. Baridi, lakini nyama.

Nikahisi kitu kifuani tena. Leo hatukula kabichi.

Jumanne, 31 Oktoba

Nakala ya majaribio ya kitabu kipya imefika, moja kwa kila msaidizi. Tatu zimekuja Skelding. Tatu! Ya Bi. Outhwaite, yangu, na moja imeandikwa juu yake, kwa mkono wa Dakta mwenyewe, kwa Bi. Hannah Pybus, mpishi.

Hakuwa na miwani yake. Akaniomba nimsomee. Akakaa kwenye kiti changu bila kuuliza, akavua aproni, akaikunja, akaiweka magotini kama aliye kanisani. Nikamsomea dibaji. "Shukrani za pekee kwa Bi. Lavinia Outhwaite, aliyevipanga vitenzi, na kwa Bi. Hannah Pybus wa Skelding, kwa kikaratasi kimoja kinachozidi elfu. Na kwa marehemu Agnes Raw, mpishi, aliyeandika alichokijua."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie penye Agnes tu. Mara tatu nimeisoma. Akalia kidogo, kimyakimya, akajifuta kwa aproni. Akasema, "Miaka mia mbili, bwana. Hakuwa na hata jiwe kaburini."

Kisha akainama juu ya karatasi, akaniuliza, "Na wewe uko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole, mstari wa mwisho: "na wengineo."

Akaupapasa mstari ule kwa muda. Akanipiga bega, akaenda kunitengenezea jeli ya miguu ya ndama, ile ya ukurasa uliopotea. Nimekula vibakuli viwili. Iliganda vizuri mno.

Na nikiwa kwenye kibakuli cha pili nikatambua kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa chai! Mwaka 1590 watu walikunywa bia! Seti ya vikombe sita vya bia, hapo hata Dakta angenyamaza. Kalamu ya unyoya si tatizo, bata wapo. Inayohitajika ni karatasi tu. Leo jioni nilipompelekea Bi. Outhwaite pongezi zangu, kwa sababu mimi ni muungwana, niliiona kwenye rafu yake Biblia kubwa ya ukoo wake. Ni ya kale sana. Mbele ina kurasa tatu tupu, pande zote mbili. Nilizikagua vizuri wakati alipokwenda kuniletea keki.